Ukoko wa Dada

Kwenye kantini ya kiwanda alikopika dada yangu, ukoko uligombaniwa. Ni ule wali ulioganda chini ya sufuria, mkavu, wa kahawia, unaokwanguliwa kwa mwiko. Wengine huuita matandu. Wanaume wazima walisukumana dirishani. "Dada, jana ulimpa yule, leo zamu yangu." Dada alijua kuulea. Maji yakikauka hupunguza moto wa chini, kisha hupalia makaa juu ya kifuniko.

Nyumbani kwake neno hilohilo lilikuwa tusi. Mumewe, mpakia mbao, na mama mkwe waliweka sheria tangu wiki ya harusi: wali mweupe wa juu ni wao, ukoko ni wa dada, asije akaota mapembe. Akinung'unika, mkanda. Nilimwona na jicho lililovimba, nikamwona na mbavu zilizofungwa bendeji, na kila mara alisema ameanguka. Nilimchukia shemeji yule, na bado namchukia.

"Mvumilivu hula mbivu," dada aliniambia.

"Mbona wewe unakula ukoko?"

Alicheka, akashika mbavu. Lakini alipozaa binti aliniapia kwamba huyu hatalishwa ukoko kwa amri ya mtu, labda yeye awe kaburini.

Jumapili moja mchana nilikuwapo. Dada alikwisha kupakua. Kifuniko na makaa yake mekundu kilikuwa chini, kando ya jiko. Binti, ambaye ndiyo kwanza ameanza shule, akapeleka mkono kwenye sinia la baba yake.

"Wewe wa kike, chako kiko kule kwa mama yako," shemeji akasema.

Mtoto alikuwa ameshachota. Shemeji akamzaba kofi lililomlaza chini, na jino likaangukia kwenye wali.

Dada aliinuka. Alishika kifuniko kwa kitambaa, akammwagia makaa yote miguuni. Shemeji akanguruma, akavuta mkanda kiunoni. Kabla haujatoka, mwiko mzito ambao dada hurudi nao kutoka kantini ukatua kwenye kifundo cha mkono, na sote tukasikia mfupa ukivunjika. Akampiga begani. Akampiga mgongoni, tena na tena, mpaka yule bwana akatoka nje kwa kutambaa.

"Umeniulia mwanangu," mama mkwe akalia.

"Bado. Na wewe, mama, mfuate."

Dada akamsukutua mtoto kinywa, akampakulia wali wa ule upande wa sinia ambao haukuingia damu. Mtoto alitafuna kwa shavu moja, akitazama sufuria.

"Mama, ukoko sasa ni wa nani?"

"Wa anayeutaka."

Akafikiri kidogo. "Mimi nautaka."

Dada aliukwangua, akaulowesha kwa mchuzi ulainike, maana jino halikuwepo. Hapo ndipo alipolia.