Mumbi na Brochi Isiyo na Jina

Watu husema sisi Wakisii tuna hasira za karibu. Uongo mtupu, na atakayerudia mbele yangu nitampasha. Lakini ile Jumamosi Mumbi aliponifungulia mlango akiwa na mikono yenye povu, akanionyesha alichokifanya kwenye sinki, nilimfokea mpaka jirani wa chini akagonga dari yake.

Mumbi ni rafiki yangu wa miaka kumi na mmoja. Tunafanya kazi pamoja katika nyumba ya wazee kule Maplewood, jimbo la Minnesota, tunaimba sauti ya pili pamoja kanisani, na kwa kuwa gari lake hugoma kila theluji ikianguka, dereva wake ni mimi, Kerubo. Ana watoto wawili wanaoelewa Kiswahili chote na kukijibu kwa Kiingereza. Na ana ugonjwa mmoja usio na dawa, nao ni mapambo ya zamani. Si dhahabu, jamani, angalau dhahabu ningeelewa. Ni vito vya bandia: shanga za kioo, lulu za kutengenezwa, mikufu na brochi, zile pini za kifuani walizovaa akina mama wa Marekani miaka ya thelathini hadi sitini. Siku ya off wenzake wanalala. Yeye yuko Roseville katika maduka ya mitumba, anageuza kila kitu aone mgongo wake.

Kugeuza alikutoa kwao Kangema. Mama yake alikuwa msusi wa vyondo, vile vikapu vya mkonge, na sokoni hakuna msusi aliyeandika jina lake popote. Lakini mama huyo angechukua kiondo chochote, akakipindua nje ndani, akaangalia jinsi mdomo ulivyomaliziwa, aseme, hiki ni cha fulani, na siku hiyo alikuwa na haraka. Hakukosea. Mumbi alikua akiona hivyo, akaja nayo Minnesota, na alipokosa vyondo vya kupindua akaanza na brochi.

Akaenda maktaba, akasoma. Ndani ya gari langu nimefundishwa mpaka nimechoka. Najua kwamba Miriam Haskell aliweka jina lake kwenye mapambo, lakini mchoraji mkuu wake miaka mingi alikuwa Frank Hess. Najua kwamba kuna vito vizuri ajabu visivyo na jina la mtu, kwa sababu fundi alilipwa Ijumaa akaenda zake. Hilo la mwisho lilimuuma Mumbi. "Kerubo, yaani mtu anabuni kitu kama hiki, halafu anaitwa hajulikani? Na alikuwa na mama yake na jina lake!" Mimi nilikuwa namwambia aangalie barabara, ingawa mwenye usukani ni mimi.

Sasa turudi kwenye sinki. Alikuwa amenunua brochi moja kwa bei ya kikombe cha chai, ua kubwa la shanga za kioo, vijiwe vya kumetameta na majani ya shaba, kila shanga imefungwa kwa waya nyembamba kwenye kibati chenye matundu. Haina jina. Ilikuwa imeingia uchafu wa miaka. Nyinyi mnajua tulivyolelewa: sufuria ikianikwa nje lazima ing'ae hata mpita njia aone. Mumbi alikuwa amesoma habari za wabunifu wote, ila habari za kusafisha hakuna aliyemwambia. Akailoweka kwenye maji moto na sabuni, akachukua waya ya kusugulia sufuria, akasugua kwa roho yake yote. Nyuma ya vijiwe hivyo kuna utando wa fedha unaovifanya vimetemete, na utando ukilowa unakufa. Vijiwe vikawa vyeusi tititi. Waya zikakatika. Nusu ya ua ikawa imelala ndani ya sinki, na mimi ndiye niliyem-drive kwenye barafu kuitafuta! Nilipomaliza kufoka nilimwona analia, ikabidi nianze kumbembeleza.

Jumatatu akazibeba zile shanga na nusu ya ua iliyobaki kwenye mkebe wa aiskrimu, akaja nazo kazini ajaribu kuzifunga wakati wa chakula cha mchana. Alikaa kwenye ukumbi, karibu na mmoja wa wazee wetu, Ardis Lindquist.

Ardis alikuwa na miaka tisini, mrefu, mkali, mwenye macho ya buluu yasiyokukosa. Mumbi alimwita Shosho, yaani nyanya, na yeye alilipenda jina hilo kuliko yote aliyokuwa akiitwa pale. Alisahau siku ya wiki. Alisahau kama amekula. Vidole vyake vilishindwa na vifungo vya sweta, asubuhi tulimfungia sisi. Aliinama, akaangalia ndani ya mkebe.

"Nani ameiosha hii?"

"Mimi, Shosho."

"Mjinga wewe," Ardis akasema. Kisha akaiinua ile nusu iliyobaki nzima, akaigeuza nyuma. "Hii ni yangu."

Mumbi akadhani anasema aliwahi kuwa nayo. Ardis akatikisa kichwa. Aliichora yeye, akasema, na akaifunga yeye. Alipokuwa na miaka ishirini na mmoja alitoka Saint Paul kwa treni akaenda Providence, mji uliojaa karakana za mapambo, akaajiriwa kufunga shanga. Mwenye karakana aliona michoro yake kwenye karatasi ya kufungia mkate, akaichukua. Miaka mitatu waliuza maua yake bila kuweka jina la mtu. Halafu mama yake akaugua, akarudi, akaolewa, akamzaa Gregory, na koleo hakuishika tena.

Nataka niseme ukweli hapa ingawa unanitia aibu. Kila siku tunaandika ripoti fupi juu ya kila mzee. Siku hiyo ya Ardis niliiandika mimi. Niliandika: amechanganyikiwa kidogo, anasema alikuwa mbunifu wa mapambo. Na Gregory, mwanawe, mtu mpole anayekuja kila Jumapili na keki, alipoisoma alitikisa kichwa akasema ndiyo, hadithi hiyo ilianza muda si mrefu. Alimpapasa mama yake mkono. "Sawa, Mama. Sawa." Ardis akageuza uso akaangalia dirisha.

Mumbi hakuandika chochote. Alimletea waya na koleo ndogo. Ardis akaomba kwanza maji ya uvuguvugu, akaloweka mikono, akaanza. Nilikuwepo, nisingeamini kwa kusimuliwa. Vile vidole vilivyoshindwa na kifungo cha sweta vilipitisha waya kwenye shanga, vikaizungusha mara mbili kuelekea kushoto, na badala ya kukata mkia wa waya, vikaulaza chini ya jani usionekane wala usikwaruze nguo. Taratibu, shanga moja kwa dakika tano. Ilipokamilika, Mumbi akaweka nusu mpya na nusu ya zamani pamoja, akaigeuza brochi nyuma. Mizunguko miwili, kushoto, mkia chini ya jani. Kote sawasawa.

"Kerubo," akaninong'oneza, "hii ni mikono mimoja." Kwa msisimko alikosea hata Kiswahili.

Kuanzia hapo alitaka kitu kimoja tu: jina la Ardis Lindquist liandikwe mahali ambapo watu wa mapambo wanaandika majina, na liandikwe yeye akiwa hai.

Roseville kuna chama cha wakusanyaji wa mapambo ya zamani, na kila Oktoba wanafanya maonyesho. Mumbi alijiunga akidhani chama ni chama, kama vya akina mama kwetu, akaenda mkutano wa kwanza na chupa ya chai na mandazi ya watu thelathini. Walikuwa tisa. Mwenyekiti, Bwana Harrison, mwalimu mstaafu mwenye miwani mbili shingoni, alikula mandazi manne, kwa hiyo wakaelewana. Mkutano huo Harrison alileta hazina yake mwenyewe, brochi ya ua la shanga nyeupe aliyokuwa nayo miaka ishirini na mitano. Kikadi chake kilisema: mbunifu hajulikani. Mumbi akaomba kuishika. Akaigeuza. Mizunguko miwili, kushoto, mkia chini ya jani.

Akasema palepale kwamba anamjua aliyeitengeneza, na kwamba jana amemlisha uji.

Sasa, Mmarekani wa huku kwetu hakukatalii usoni. Anatabasamu, anasema jambo lako linavutia sana, na hapo ujue umekataliwa mchana kweupe. Harrison alisema linavutia sana. Kisha akaeleza kwa upole kwamba chama hakiwezi kuandika jina bila ushahidi, kwamba waya hugeuzwa kushoto na watu wengi, na kwamba wazee, unajua, husema mambo. Mumbi aliniambia hayo ndani ya gari. Nilitaka kurudi nikamwambie Harrison kitu. Akanishika mkono. "Usiende kugombana. Twende na Shosho mwenyewe kwenye maonyesho."

Kumtoa mzee kunahitaji ruhusa ya mtoto wake. Gregory alikataa mara mbili. Alisema hataki mama yake achekwe mbele ya watu. Mara ya tatu Ardis alimjibu mwenyewe, kwa sauti ambayo nadhani Gregory hakuwa ameisikia tangu akiwa na kaptula. "Nitakwenda, na wewe utasukuma kiti."

Basi tukaenda. Ukumbi ulikuwa umejaa, meza zimetandikwa vitambaa vyeusi, watu wanaongea chinichini utadhani tuko matangani. Gregory alisukuma kiti akiwa mwekundu mpaka masikioni. Nilijua Ardis akisahau leo, akiuliza ni siku gani au yuko wapi, basi yamekwisha, hatutapata nafasi nyingine.

Na kweli, mlangoni aliuliza yuko wapi.

Mumbi akapiga magoti mbele ya kiti. Hakumweleza chochote. Alimwendea Harrison, akamwomba ile brochi nyeupe, na Harrison, kwa adabu tu, akaileta akaiweka kwenye mapaja ya Ardis.

Ardis akaigeuza. Akapitisha kidole gumba mgongoni mwake.

"Ya masika," akasema. "Mwaka wa pili. Nani aliibadilisha pini? Hii pini si yetu."

Harrison akaacha kutabasamu. Alikiri kwamba pini aliibadilisha yeye, miaka mingi iliyopita, na hakuwahi kumwambia mtu.

"Shanga zote ni nyeupe," Ardis akaendelea, "lakini ya kwanza si nyeupe. Ile ya kuanzia, iliyo chini kabisa katikati, haionekani mpaka ufungue. Ni ya kijani. Mwenye karakana alitukataza kuweka jina. Basi kila ua langu nililianza na shanga ya kijani, na hakujua hata siku niliyoondoka."

Watu wakaanza kusogea karibu. Harrison aliiangalia brochi yake ya miaka ishirini na mitano. Kuifungua ni kuiharibu kidogo, na ningemwelewa kama angekataa. Hakukataa, na kwa hilo nilimsamehe yale mengine. Aliketi mezani, akavaa miwani zote mbili, akafungua vikucha vinne vya kibati cha nyuma, akasogeza petali kwa ncha ya koleo. Nilikuwa nimemshika Mumbi mkono kwa nguvu hata kesho yake aliniambia mkono umevimba.

Harrison akainua kichwa.

"Ni ya kijani," akasema.

Kwa Wakikuyu, watu wa Mumbi, mtoto wa kike akizaliwa hupigiwa vigelegele vitatu, wa kiume vitano. Mumbi alimpigia Ardis vitano, katikati ya watu wa Roseville ambao hata kukohoa wanaomba radhi, na mimi Mkisii nikaongeza vya kwetu bila kuhesabu. Mama mmoja aliangusha kikombe. Halafu mtu wa nyuma akaanza kupiga makofi, wakapiga wote, wakasimama, na Ardis akawa amekaa katikati yao ameshika brochi yake, kidevu juu, kama mtu aliyeingoja siku hii na kuona imechelewa.

Gregory alikuwa amechuchumaa kando ya kiti. "Mama," akasema, "kwa nini hukutuambia?"

"Niliwaambia," Ardis akajibu. "Mliandika kwamba naumwa."

Hakuniangalia mimi, lakini lilinifikia. Nililia hapohapo na sikujificha. Ripoti ile niliifuatilia Jumatatu, nikaandika nyingine, nikatia sahihi jina langu lote.

Harrison aliichukua kadi ya zamani akaikata vipande viwili. Akaandika mpya kwa wino, polepole, kwa mwandiko wa mwalimu, akaisimamisha mbele ya ua jeupe. Ardis akaomba asogezwe karibu. Alilisoma jina lake kwa sauti, herufi zote, kisha akamgeukia mwanawe.

"Gregory," akasema, "soma na wewe. Kwa sauti, wakusikie."

Gregory akasimama wima mbele ya watu wote, akafuta macho kwa mkono wa koti, akasoma.