Mtoto wa Molo Asiyetambaa

Katika miaka ya hamsini nilitahiniwa uuguzi wa magonjwa ya akili na mishipa ya fahamu, katika hospitali moja ya Nakuru. Nilikuwa nimekariri kwamba mtoto wa miezi kumi asiyetambaa huenda ana kasoro ya ubongo. Mtahini, daktari Mzungu, aliniletea mtoto wa namna hiyo kutoka Molo, pamoja na mama yake. Jibu langu lingekuwa ubongo, mtoto angelazwa kwetu na mama angerudi shambani peke yake.

Nilimsimamisha mtoto juu ya meza. Miguu yake ilisukuma kwa nguvu.

"Mama, nyumbani unamweka chini wakati gani?"

"Chini wapi, bwana daktari? Kwetu ni baridi na matope. Wako ungemweka?"

"Nisingemweka."

Nilitandika blanketi sakafuni. Mtoto aliketi, akavitazama viatu vya mtahini, akajiburuta kwa tumbo kuvifuata.

"Iko gonjwa gani?" mtahini akauliza.

"Hana, bwana. Amebebwa mno."

Nilifaulu, ingawa nilikatwa alama kwa kumhoji mama bila ruhusa. Mama alikwisha kumfunga mgongoni, akatoka bila kuaga. Alifanya vyema, hospitali si mahali pa kukawia.