Siku ya Posa Niliponuka Papa

Nilikuwa mwalimu kijana huko Kilwa, enzi za Mwingereza, na siku ya kwenda kuposa kijijini Kikole ilinikuta na somo la sayansi asubuhi. Nilikuwa nikiwaonyesha wanafunzi amini, jamaa ya amonia. Tulifungua madirisha yote na kuzima moto, maana hewa yake hushika moto upesi. Nikachanganya chumvi yake na chokaa, nikaipasha kwa maji ya moto, na hewa iliyotoka nikaipitisha kwenye chupa ya maji baridi, ikayeyuka humo.

"Msiinamie chupa," niliwaambia. "Pungeni kwa mkono, harufu iwafuate."

Ilipowafikia, darasa zima lililipuka kwa kelele: "Papa! Mwalimu, papa mkavu!"

Nilicheka hata mkono ukatikisika, maji yale yakanimwagikia kwenye mkono wa kanzu. Ngozi niliiosha kwa maji mengi. Kanzu sikuwa na nyingine, na mjomba alikwisha kuja kunichukua.

Kwenye lori abiria walipekua vikapu wakitafuta samaki. Mjomba alitazama pembeni kama hanijui.

Tulipofika, bibi wa binti niliyekwenda kumposa alitupokea barazani.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mwanangu. Karibuni." Akavuta pumzi, uso ukamchangamka. "Alhamdulillahi! Mmetuletea papa! Enyi, kuneni nazi!"

Mjomba akanitazama. Nikaona heri niseme kweli.

"Bibi, papa hayupo. Ni harufu tu."

"Harufu tu? Na papa mwenyewe kaenda wapi?"

Nikamweleza habari ya chupa na darasa. Nyuma ya mlango mtu akaangua kicheko, akajaribu kukizuia, kikamshinda. Ndiyo mara yangu ya kwanza kumsikia mke wangu.

"Leteni ndimu," bibi akasema. "Shombo haliwezi ndimu."

Alisema kweli. Ukali wa ndimu huikamata amini na kuirudisha kuwa chumvi isiyonuka, na hilo ndilo lingekuwa somo langu la wiki iliyofuata. Nilikamulia ndimu mbili kwenye kanzu, nikaisuuza, nikakaa na mkono uliolowa kama mtoto aliyechezea mtungi.

Tulikula ugali wa muhogo na kisamvu, mjomba akaongea maneno yake mazuri, posa ikakubaliwa. Tulipoaga, bibi alinishika bega.

"Safari nyingine, mwanangu, uje na papa mwenyewe."