Harusi Iliyoingia Msibani

Jumapili nilikuwa Kasulu, kwa mama mmoja aliyetuita mimi na wageni wake kutoka Kibondo tuone video ya harusi ya bintiye. Video ilikuwa kwenye simu, ikisubiri kurushwa kwenye runinga kwa waifai. Waifai yenyewe ilikuwa ya jirani, mzee aliyemgawia mama huyo bure, na ambaye tulikuwa tumemzika Ijumaa.

"Sauti iwe chini," mwenyeji akanong'ona, kidole mdomoni. "Jirani wana msiba."

Akabonyeza simu. Runinga yetu ikabaki nyeusi. Akabonyeza tena, na vigelegele vikalipuka ng'ambo ya ukuta. Kumbe alichagua runinga ya wafiwa!

Akaizima video. Hakuna aliyethubutu kumtazama mwenzake. Mara hodi ikapigwa. Alikuwa mjane, kitenge begani.

"Mama, nisamehe," mwenyeji akasema, akipiga goti.

"Mbona mmeizima?" mjane akauliza. "Mzee alikuwa anacheza pale harusini. Irudisheni. Halafu njooni tuangalie wote, maana kule nimebaki peke yangu."

Tukamfuata vichwa chini, sisi tulioona kupunguza sauti ni rambirambi ya kutosha.