Msomaji Niliyemtoa Kundini

Mimi hasira zangu ziko karibu, na majirani zangu wa Somanda wanalijua hilo. Sijisifu. Ningekuwa mtu wa kuvuta pumzi kwanza, leo nisingekuwa na hili la kusimulia.

Nafundisha Kiswahili kidato cha tatu hapa Bariadi. Likizo ya Juni mwaka jana nilifungua kundi la WhatsApp, wanafunzi wasome riwaya na kuijadili wakiwa makwao. Nakala ilikuwa moja tu, yangu. Kila asubuhi napiga picha kurasa za sura moja, narusha kundini, nauliza swali. Simu zilikuwa za wazazi, maana wanafunzi wenyewe hawaruhusiwi kuwa nazo.

Wengi walijibu ilimradi. "Sura ni nzuri mwalimu." Mwingine kidole gumba, basi. Lakini binti mmoja wa Shishiyu, loo! Kwenye riwaya kuna mama anayeondoka nyumbani na kumwacha mtoto, na kundi zima likasema ana roho mbaya, ameondoka kwa hasira. Yule binti akaandika: "Hapana. Mwenye hasira hafui nguo za mtoto kwanza." Riwaya hiyo nilishaisoma mara nne, na zile nguo sikuwahi kuziona. Nikawaonyesha walimu wenzangu, nikatamba weee: huyo ndiye mwanafunzi wangu.

Zilipobaki sura mbili nikapiga simu kumpongeza. Akapokea mama yake. Binti yuko shambani, akasema, wanachuma pamba tangu alfajiri. Yeye mama ana kichanga, ndiyo maana amebaki nyumbani.

"Sasa anasoma saa ngapi?"

"Huwa nasoma mimi, mwalimu. Naandika mimi. Akirudi namsimulia."

Nilichemka. Tena si kwa sababu ya udanganyifu, nisiseme uongo. Ni vile nilivyotamba mbele za watu. Nikaandika kundini, watoto arobaini na wazazi wao wakisoma: kundi hili ni la wanafunzi, yule mzazi wa Shishiyu aache udanganyifu. Jibu lake likaja pale pale: "Samahani mwalimu. Mimi niliishia la saba. Naomba nibaki nimalize tu, sitaandika tena."

Niliusoma ujumbe huo hadi mwisho. Kisha nikamtoa.

Kundi likafa. Nikarusha zile sura mbili, vikarudi vidole gumba. Hakuna aliyebisha, hakuna aliyeuliza. Nikifika mahali patamu najikuta namngoja yeye aseme kitu, na hayupo, na ni mimi niliyemtoa.

Wiki moja kabla ya shule kufunguliwa nikapanda gari hadi Maswa, kisha bodaboda mpaka Shishiyu, kitabu kwenye begi. Nilimkuta uani anachambua pamba, kichanga mgongoni.

"Mwangaluka, mayu," nikamwamkia kwa Kisukuma: habari za asubuhi, mama.

Akaitikia vizuri, akanipa kigoda, akaniletea maji. Nikamwomba radhi. Nikamwambia nimemletea kitabu amalizie, na ni chake kabisa.

Akakipokea kwa mikono miwili. Hakukifungua. Akamwita binti yake aliyekuwa ndani. "Njoo uchukue, mwalimu amekuletea."

"Mayu, nimekuletea wewe."

"Kitabu ni cha wanafunzi, mwalimu," akasema kwa upole kabisa, akarudi kwenye pamba yake.