Moto Chini ya Jicho

Mama yangu alibakiwa na jicho moja, nalo lilikuwa limefunikwa na utando mweupe. Daktari wa macho aliyekuwa akitujia Kindu kwa ndege kutoka Kinshasa alisema angeweza kumbandika kile kioo cha mbele cha jicho la maiti, mradi mimi, mfanyakazi wa maabara ya hospitali, nilitunze kwenye baridi mpaka atue. Na ndege za Zaire tulizijua kwa kuchelewa!

Mfa maji hukamata maji. Nikaanza na macho ya mbuzi. Wachinjaji wakanitania, eti napika mchuzi unaotazama. Yaliyolala ndani ya maji ya chumvi yalivimba. Yaliyowekwa juu ya pamba yenye unyevu yalibaki maangavu ndani ya friji yetu ya maabara, ile ya kuwashwa utambi wa mafuta ya taa chini ili juu kuwe baridi. Sijui hadi leo moto unazaaje baridi.

Kisha mama mkubwa, dada yake mama, akaugua.

“Nikikufa, mupatie mudogo wangu jicho,” aliniambia. “Mimi kule sitashona nguo.”

Akafa. Ndugu walinuna, wakauliza siku ya kiyama ataonaje njia. Jicho lilitolewa kabla ya maiti kuoshwa, nikalilaza kwenye pamba ndani ya chupa, na daktari akaitwa kwa redio.

Kesho yake ilikuwa salongo, siku ya kazi za lazima. Maabara ikafungwa, sote tukapelekwa kufyeka majani kando ya uwanja wa ndege, kwa faida ya taifa, walisema. Nilimwacha mama mle ndani alinde friji, mtu asiifungue. Nilifyeka huku nikitazama juu, nikiomba na kutukana kwa pumzi moja. Ndege ilipotua nililia mbele za watu.

Nilirudi mbio na daktari. Mama alikuwa amekaa palepale, mgongo kwenye mlango wa friji. Sikusikia harufu ya mafuta ya taa. Nikainama: utambi ulikuwa umezimwa, tena umepoa kabisa. Daktari akafungua chupa. Kioo cha jicho kilikuwa cheupe kama uji. Akatikisa kichwa, akaifunga.

“Mulikawia,” mama alisema, akitabasamu. “Asubuhi nilipapasa, nikasikia moto iko inawaka chini ya jicho ya dada yangu. Nikauzima, isiive.”

Kisha akainua uso upande wa daktari, tayari.