Sara wa Soko la Migori

Mwaka wa 1996 sokoni Migori hakuna aliyemshinda Phelesia kwa wingi wa wateja, wala kwa kusengenywa. Aliuza uji na chapati. Mume wake wa kwanza alifukiwa na mgodi wa dhahabu kule Masara, wa pili akachukuliwa na malaria, basi midomo ikapata kazi: ati huyo mwanamke anakula waume. Na uji wake walikunywa hao hao, wakapangusa midomo, wakaendelea kusema.

Mokua, Mkisii muuza vitunguu, alisikia akajitia kiziwi. Alikuwa Msabato, na alimtaka Phelesia, Mkatoliki wa kila Jumapili. Naye Phelesia alimpenda, lakini alimwambia wazi: bila baraka ya baba yako, siji. Hakutaka boma ambamo kila kikohozi cha mumewe kingewekwa juu yake.

Baba mwenyewe, Mzee Ogeto, mzee wa kanisa, alikuja kibandani na Biblia kwapani. Hakuketi.

"Mama, sina ubaya nawe," alisema. "Lakini wawili wamekufa. Mtoto wangu hatakuwa wa tatu."

Phelesia hakulia; machozi alikwisha kuyamaliza. Alifuta mikono, akatoa Biblia yake chini ya meza.

"Baba, kuna msichana aliitwa Sara. Yeye walimfia waume saba, na bado Mungu akamletea Tobia, na Tobia..."

"Kitabu gani hicho?"

"Tobiti."

"Hakimo humu." Mzee aligonga jalada la Biblia yake. "Hizo ni hadithi mlizoongeza ninyi Wakatoliki."

"Sisi tunasema ninyi ndio mliozitoa."

Wateja waliacha kutafuna. Hasira ilimpanda Phelesia: kumbe hata faraja yake haihesabiki. Akafunga kitabu.

"Sawa, baba. Changu weka kando. Katafute ndani ya chako. Ukipata mahali Mungu anasema mjane ndiye anaua waume, nitamwacha Mokua, na sitakulaumu."

Sasa, Mzee Ogeto alikuwa na kichwa kigumu, lakini hakuwa mtu wa kuisingizia Biblia. Alikwenda akatafuta. Huku nyuma Phelesia alikaa roho juu, chapati zinamwungulia. Je, akipata?

Jumapili alasiri mzee alirudi, na safari hii aliketi.

"Nimepata mjane, kitabu cha Mwanzo," alisema. "Anaitwa Tamari. Waume wawili walimfia, tena kwa makosa yao wenyewe. Baba mkwe wake, Yuda, akaogopa, akamnyima kijana wa tatu. Mwishowe Yuda alikiri kwamba mwenye kosa ni yeye." Akainua sauti, soko lisikie. "Nami nimekosa. Karibu nyumbani, binti yangu."

Phelesia hakungoja kupigiwa kigelegele. Alijipigia mwenyewe, kikafika mpaka stendi, na wale wenye midomo wakatafuta pa kutazama.

Walifunga ndoa ya serikali kwa DC, mkuu wa wilaya, maana juu ya kanisa hawakuelewana, na juu ya Tobiti ndiyo kabisa. Asubuhi ya kwanza, jua halijatoka, mzee alibisha hodi. Mokua alimfungulia, mzima wa afya, mswaki mdomoni. Mzee alimtazama toka juu hadi chini, akacheka mpaka akashika ukuta.

"Basi," alisema, "lile kaburi lifukiwe."

Mokua hakuelewa. Phelesia alielewa, akasimama na mwiko mkononi. Katika Tobiti, baba yake Sara alichimba kaburi usiku wa arusi kwa hofu, kisha akaamuru lifukiwe alipojua mkwe wake yu hai. Kipande hicho Phelesia hakuwahi kumsimulia mzee. Alikatizwa kabla hajakifikia.

"Baba," alisema, "hilo la kaburi umelisoma wapi?"

Mzee Ogeto alivuta kiti, akajimiminia uji, akapuliza kwa muda mrefu kuliko uji wenyewe ulivyohitaji.

"Bado si Biblia," alisema. "Lakini kinasomeka."